Re: Nianzie wapi na klabu ya mazingira, darasa la 5, Mwanza?

Mwalimu, anza na ningu, samaki wa Ziwa Victoria, siyo tembo. Mvua zikianza, ningu hupanda mtoni kutaga. Nyavu zikitegwa mdomoni mwa mto huwanasa na mayai yao kabla hawajataga, ndiyo maana wameadimika.

Lete vipande viwili vya wavu, kimoja chenye macho (matundu) ya inchi 3 na kingine ya inchi 6. Wanafunzi wavute jicho hadi linyooke, wapime fundo hadi fundo la upande wa pili (lisipovutwa, kipimo hudanganya), kisha wapitishe humo samaki waliokatwa kwa karatasi ya boksi, wa ukubwa mbalimbali. Usiwahubirie kwamba uvuvi ni dhambi. Huenda wengine wanasomeshwa na nyavu hizohizo. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ziwani hapo Mwanza, waende baadaye, wakishakuwa na maswali.