Acha kukariri maana za "by", Kiswahili chako kinakutosha

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja, muuguzi, anayejiandaa na mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi Muscat. Amenitumia picha ya daftari lake. Ukurasa mzima ni maana za "by", kila moja imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini kabisa ameandika: "Kaka, nikifika ya mwisho nimeshasahau ya kwanza. Nifanyeje?"

Dada yangu, funga hilo daftari. Nimekula ugali wa tafsiri kwa miaka mingi, mikataba, ripoti za miradi, matangazo ya zabuni, na sijawahi kukariri orodha ya namna hiyo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia kwenye "by" tukiwa na mtaji mkubwa, ila shuleni hatuambiwi. Tunamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tunakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na mwalimu anaandika ubaoni kana kwamba vichwa vyetu havina kitu.

Mtaji wenyewe ni "kwa". Umesafiri kwa basi: "by bus". Nguo imeshonwa kwa mkono: "by hand". Nyanya zinauzwa kwa kilo, kibarua analipwa kwa siku, kumi inagawanywa kwa mbili, yote hayo ni "by". Fundi seremala anayekuagiza mbao ya mbili kwa nne hajasomea Kiingereza, lakini ametafsiri "two by four" bila kuyumba. Umejifunza lugha kwa kusikiliza redio: "by listening". Dawa inatolewa kwa mdomo: "by mouth", na hii muuguzi ataikuta kwenye karatasi ya mgonjwa kila zamu.

Mtaji wa pili ni "na" inayokuja baada ya kitendo cha kutendwa. Barua imeandikwa na katibu, "written by the secretary". Uzuri wake ni kwamba Kiswahili kimeshakutofautishia mtenda na kifaa. Ukisema mtu amejeruhiwa na jiwe, jiwe limeporomoka lenyewe: "injured by a stone". Ukisema amejeruhiwa kwa jiwe, kuna mkono ulioshika hilo jiwe, na Mwingereza atasema "with a stone". Mpelelezi akisikia sentensi ya pili anaanza kutafuta mtu.

Hapo "kwa" inaanza kukuponza kidogo. Kifaa ulichokishika mkononi ni "with": kwa kalamu, kwa kisu, kwa ufunguo. Chombo cha usafiri ni "by", mradi kisiwe na mwenyewe wala sifa. "By car" sawa, lakini kwa gari langu ni "in my car". Kwa miguu ni "on foot". Hayo machache ndiyo ya kukariri, na yanajaa kwenye kiganja.

Pale Mwingereza anaposema "one by one" sisi tunarudia neno tu: mmoja mmoja. "Little by little", kidogo kidogo. "By the sea" ni kando ya bahari, haina fumbo. Kwenye maelezo ya picha ndipo Kiingereza kinatushinda kwa usahihi: picha ya Juma kwetu inaweza kuwa aliyoipiga, anayoonekana ndani yake, au aliyoinunua sokoni. Wao wana "by Juma", "of Juma" na "Juma's". Na kwa wanaopenda kuchimba: "by" iliyo mwishoni mwa majina kama Whitby na Grimsby kule Uingereza siyo hii. Hiyo ni ya Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, maana yake kijiji. Hata "bylaw", zile sheria ndogo zinazotungwa na halmashauri zetu, wengi wa wataalamu wa asili ya maneno wanaipeleka kwa hao hao.

Sasa tuje kwenye wakati, maana hapa ndipo watu wanapoumia, na mimi nina kidonda.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilinipa mkataba niutafsiri. Kifungu kimoja kilisema mkandarasi "shall submit the report by 30 June". Nikaandika: mkandarasi awe amewasilisha ripoti ifikapo tarehe 30 Juni. Kingine kilisema gharama "will be reduced by 40 per cent". Nikaandika: zitapunguzwa kwa asilimia 40. Mhariri wao akaona Kiswahili changu kizito. Cha kwanza akakifanya "atawasilisha ripoti mpaka tarehe 30 Juni", kana kwamba mkandarasi atakuwa analeta ripoti kila asubuhi mpaka tarehe hiyo ifike. Cha pili akakifanya "hadi asilimia 40". Chukua shilingi 100 upunguze kwa asilimia 40, unabaki na 60. Punguza hadi asilimia 40, unabaki na 40. Mteja alipopiga kelele, jibu lilikuwa jepesi: mfasiri amekosea. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Kazi iliyofuata akapewa mwingine. Rasimu yangu bado ninayo kwenye barua pepe, na tarehe yake, na siku nikiwa na hasira huifungua nikaisoma tena.

Chanzo cha balaa ni kwamba "mpaka" yetu inabeba mizigo miwili. Nitakaa mpaka Ijumaa: "until Friday". Mpaka Ijumaa uwe umeleta: "by Friday". Njia ninayoitumia ni hii: jaribu kuingiza "uwe ume-" au "nitakuwa nime-" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali, Kiingereza chake ni "by". Uwe umebadilisha bandeji ifikapo saa mbili: "by 8". Ikikataa kwa sababu kitendo kinaendelea bila kukatika, ni "until". Aendelee kuwekewa oksijeni mpaka saa mbili: "until 8". Muuguzi akichanganya hayo mawili, mgonjwa ndiye anayelipa. Ni vivyo hivyo kwa dozi: kuongeza "by 5 milligrams" ni kujumlisha tano juu ya ile iliyopo, kuongeza "to 5 milligrams" ni kuifikisha tano basi. Hapo tena "kwa" na "hadi" zinakulinda, ukizisikiliza.

Kwenye ukanushi mtego unakaza. Hatulipi mpaka tarehe 30: "we are not paying until the 30th", maana yake hela itatoka tarehe 30. Mpaka tarehe 30 tutakuwa hatujalipa: "by the 30th we will not have paid", maana yake jiandae kukopa. Tazama ile "tutakuwa hatuja-", ni kipimo kile kile upande wa kukana. Na "mpaka tunafika kituoni basi lilikuwa limeshaondoka" ni "by the time we arrived". Limeshaondoka, "-mesha-". Haijawahi kuniangusha.

Vijana mnapenda orodha. Mnapakua kurasa za maana, mnazibandika ukutani, halafu kwenye usaili mnasema "I will finish until Monday" mbele ya mtu mwenye ajira mkononi. Lugha ya mama mnaiona mzigo wa kuuacha nje ya mlango wa Kiingereza, wakati hiyo ndiyo inayopima. Kaa na sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, isikie vizuri, ndipo uvuke.

Na mkiandika wenyewe jambo la fedha au la kisheria, msiiachie "by" peke yake, kwa sababu watu watabishana kama tarehe 30 yenyewe imo au haimo. Wanasheria huandika "on or before 30 June". Kwa Kiswahili: tarehe 30 Juni au kabla yake. Na wewe mhariri, kabla hujaikata "ifikapo" ya mtu, mpigie. Namba yake ya simu iko kwenye ankara, juu kabisa, pembeni ya jina.