Paka dume anakojoa damu: je, mitishamba itayeyusha mawe?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Makorora, Tanga. Nina paka dume wa miaka 4, amehasiwa. Tangu juzi anaingia na kutoka kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa muda mrefu na kutoa matone yenye damu. Jirani anasema ni mawe ya figo, nimchemshie ndevu za mahindi na kitunguu saumu. Yatayeyuka?

Jibu: Marahaba. Kabla ya dawa yoyote, kaangalie ule mchanga: leo umelowa? Kama anajikamua na hakuna kinachotoka, analia, anajilamba bila kuacha, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Chembe ndogo tu huiziba. Ikiziba kabisa, madini ya potasiamu hupanda kwenye damu, na ndani ya siku mbili tatu moyo unaweza kusimama. Ukimpapasa taratibu tumbo la chini utakuta kibofu kigumu kama chungwa dogo. Usikiminye, kinaweza kupasuka.

Hapo ndipo ndevu za mahindi zinapodhuru. Kazi yake ni kuongeza mkojo, na mkojo usio na pa kutokea hurudisha shinikizo kwenye figo. Kitunguu saumu usimpe kabisa, wala kitunguu maji: huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Na tafadhali, asipewe panadol kwa maumivu. Ini la paka haliiwezi, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Sasa hayo mawe. Kwa paka mengi huwa kwenye kibofu, na yako ya aina mbili kubwa. Struviti hukua mkojo ukipungua ukali wa asidi, nayo huyeyuka kwa chakula maalumu cha tiba, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki kwa chakula wala kwa majani ya mti wowote; ya kibofuni hutolewa kwa upasuaji. Mawe ya figo zenyewe mara nyingi ni haya. Tena paka wengi wa umri wa huyo wako hukojoa damu bila jiwe lolote: ni kibofu kilichovimba, na msongo huchangia. Kwa hiyo eksirei na kipimo cha mkojo vitangulie.

Akishapona, tiba ya nyumbani ninayoiamini ni maji. Paka kwa asili hanywi sana, na chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu. Chemsha samaki fresh bila chumvi wala vitunguu, toa miba, mwagia supu yake kwenye chakula. Dagaa wakavu wa chumvi waache. Supu ni ya kumwongezea maji tu, isigeuke mlo wake wote.

Ukiona kijiwe kwenye mchanga, kiweke kikavu kwenye kichupa safi, umpelekee daktari akakipime.