Mfuko wa ndani baada ya kuondolewa utumbo mpana

Dada yangu, umeuliza iwapo mdogo wako, aliyeondolewa utumbo mpana kwa sababu ya vidonda visivyopona, atashinda chooni maisha yake yote baada ya kutengenezewa, kwa utumbo mwembamba, mfuko wa ndani wa kuhifadhi choo. La, hatashinda huko. Upasuaji huu, ulioelezwa na madaktari wa upasuaji Parks na Nicholls wa London mwaka 1978, huwafaa wengi, ila mwili huhitaji miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, kuuzoea. Mwanzoni huenda akaenda hata mara 10 kwa siku. Baadaye wengi hutulia kwenye mara 4 hadi 8, usiku ukiwamo, na choo hubaki laini kama uji mzito kwa kuwa utumbo uliokuwa ukifyonza maji haupo tena. Naona kinachowachosha zaidi ni ngozi kuwaka: ajisafishe kwa maji ya vuguvugu, ajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha apake mafuta mazito. Wali na ndizi mbivu husaidia choo kushikana. Choo kikiongezeka ghafla pamoja na homa au maumivu, huenda mfuko umepata uvimbe wa ndani, yaani kuta zake zimevimba na kuwaka, jambo ambalo hutokea mara nyingi na kwa kawaida hutibika kwa antibiotiki. Tafadhali asivumilie kimya, amwone daktari wake mapema.