Glavu za ngozi ulizoziona London

Mwanangu mpenzi,

Umenieleza kwamba katika makumbusho ya Victoria and Albert umeona glavu za ngozi za Waingereza wa enzi za Elizabeth I na James I, ukaniuliza kama zilivaliwa kweli au zilikuwa za kuonyeshana tu. Zilivaliwa, ila katika picha za wakuu wa zama zile utaona mara nyingi zimeshikwa tu, na vidole vyake vilikatwa virefu ili mkono uonekane mwembamba. Ngozi nyeupe ya namna ile hulainishwa kwa shabu na chumvi. Ikilowa shabu hutoka, na ikikauka hukakamaa, kwa hiyo hazikuwa za mvua wala za kazi.

Mimi lakini natazama ile kafu pana ya atlasi, yaani sehemu inayofunika kifundo cha mkono, ambayo aghalabu ilitariziwa peke yake kisha ikaungwa na ngozi. Uzi mnene wa fedha iliyopakwa dhahabu haupitishwi kwenye kitambaa, bali hulazwa juu yake, ukashikizwa kwa hariri nyembamba hatua kwa hatua. Kisha huja maua, ndege, puleki na lulu ndogondogo. Ni nani aliyeinamia kazi ile? Kila Mwaka Mpya wakuu walimpelekea Elizabeth zawadi, glavu zikiwamo, na majina ya watoaji yakaandikwa kwenye orodha. Lakini jozi nyingi zilizobaki hadi leo hazijulikani zilitariziwa na nani. Kazi ina mwenyewe, mwanangu, nimekwambia tangu ukiwa mdogo.

Unaijua ile kofia ya bibi yako. Aliitarizi kwa taa ya kandili hadi macho yakamwuma, na siku ya harusi aliyeinunua akamvika bwana harusi, akasifiwa yeye kwa jicho lake zuri, na mama yangu amekaa uani na wapishi, anasikia kila neno. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa ubavuni mwake, na mpaka leo sijaridhika.

Pengine namwonea yule bwana aliyeinunua kofia, kwani bila fedha yake uzi usingenunuliwa, na mama alilipwa ujira wake wote. Hata watarizi wa London hawakuwa wanyonge kabisa: chama chao kilipata hati ya kifalme mwaka 1561, na cha washona glavu mwaka 1639. Hata hivyo, John Shakespeare, mshona glavu wa Stratford-upon-Avon, anatajwa leo kwa sababu ya tamthilia za mwanawe, wala si kwa sababu ya mshono wake. Kazi ina mwenyewe.

Kama glavu zile zilikuwa ufahari mtupu au heshima ya kweli kwa aliyepewa, ulimi unaniwasha kusema, lakini nakuachia wewe uliyeziona kwa macho. Ukienda tena, inama usome kibao chake hadi mwisho, uniandikie kama mtarizi ametajwa.

Ni mimi mama yako.