Barua kwa mwanangu: kabla hujaikubali kambi ya Michigan

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako. Kambi ya vijana wa Kikristo huko Michigan imekualika ukajitolee majuma kumi, Juni hadi Agosti, wakulishe na kukulaza, nawe ulee watoto. Unauliza kama uende, na ujiandae vipi. Nasema nenda, ila ukubali mapema kwamba kazi yenyewe ni kulala chumba kimoja na watoto wa watu, usiku na mchana. Kufundisha Biblia kutachukua saa moja au mbili kwa siku. Saa zilizobaki ni viatu vilivyopotea, mashuka yenye mkojo na machozi.

Kwanza hilo neno "kujitolea", maana ndilo linalowaponza vijana ubalozini. Viza ya kawaida ya kazi hii ni J-1 ya walezi wa kambi. Haizidi miezi minne, na kanuni zake zinataka ulipwe na utunzwe sawa na mlezi Mmarekani aliye katika nafasi kama yako. Kanuni hizohizo zinakataza kumleta mlezi kisha kumpeleka jikoni kuosha sufuria. Ipo pia B-1 kwa anayetumika chini ya kanisa au shirika la hisani. Huko hakuna mshahara, unarudishiwa gharama tu. Kwa hiyo waandikie leo uwaulize ni viza gani, na barua yao itasemaje. Barua, fomu na kinywa chako pale ubalozi wa Marekani, Gigiri, vyote viseme jambo moja. Ukishika karatasi za J-1 kisha umwambie ofisa kwamba huko hulipwi kitu, umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa J-1 karatasi ya kungojea ni DS-2019, cheti cha kuonyesha umekubaliwa katika mpango huo. Inatolewa na shirika mdhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti yao. Mtu akikudai pesa kwa M-Pesa ili akuharakishie, mkimbie. Ikifika, linganisha jina lako na pasipoti herufi kwa herufi, ndipo ulipe dola 35 za SEVIS, yaani mfumo wa Marekani wa kuwasajili wageni wa J-1 na wanafunzi, na dola 185 za maombi ya viza, baada ya kuhakikisha viwango hivyo kwenye tovuti rasmi. Sheria inamtaka ofisa akuchukulie kama mtu anayetaka kuhamia huko mpaka umwonyeshe vingine, basi beba barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula. Bima nayo uisome: kiwango cha chini cha J-1 ni dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali.

Cheti cha tabia njema utaomba eCitizen na kupiga alama za vidole Huduma Centre. Usikiache mpaka mwisho.

Kwenye fomu ya afya kuna mtego mdogo. Wewe ulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ulipozaliwa, na kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kinaweza kuonyesha una maambukizi wakati huna. Omba kipimo cha damu, nacho ukifanye hapa nyumbani ukiwa na nafasi. Na ukipata homa ukiwa kule, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie muuguzi waziwazi kwamba umetoka nchi yenye malaria na upimwe siku hiyohiyo. Kule huenda wakakutibu mafua kwanza, na malaria haingoji.

Sasa watoto. Uliza utakabidhiwa wangapi, na nani mwingine atalala humo. Chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kinataka kambi ya kulala iwe na mlezi mmoja kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, mmoja kwa 8 wa miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa 10 wa miaka 15 hadi 18. Wakikuambia utabaki peke yako na watoto 14 wa miaka tisa, kataa bila haya. Usikae faraghani na mtoto mmoja hata dakika tano, hata kwa maombi. Kaeni barazani mnapoonekana. Kofi, hata la utani, litakurudisha nyumbani. Mtoto akikuambia "nikuambie siri lakini usimwambie mtu", usiahidi. Mwambie mambo mengine lazima uyafikishe kwa wanaoweza kumsaidia, umsikilize bila kumhoji, kisha umwone mkurugenzi siku hiyohiyo.

Usiku wa kwanza ndio mgumu. Magharibi ya Michigan mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo unawaambia walale na nje bado kweupe. Kitanda cha juu kitaanza kutikisika kidogo, mtoto kajifunika uso na mto ili wenzake wasimsikie. Usimwambie "nyamaza" wala "ukilala vizuri kesho tutampigia mama". Ahadi hiyo ndiyo kosa la walezi wengi wapya, kwa sababu kuanzia hapo mtoto anaacha kucheza, anangoja simu. Shuka naye mpaka mlangoni mwenzako akiwa anawaona, mpe maji, muulize mbwa wao anaitwa nani, kisha mpe kazi ya asubuhi: yeye ndiye atakayepiga kengele au kugawa vijiko. Mara nyingi kilio hupungua kufikia siku ya tatu.

Najua utataka kuwapelekea zawadi ya karanga au korosho. Usibebe hata punje. Kuna watoto wenye mzio ambao karanga moja huwavimbisha koo. Siku ya kwanza jifunze sindano ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio, iko wapi: inachomwa ubavuni mwa paja, hata juu ya suruali, unashikilia kama sekunde tatu, kisha mnapiga 911, namba ya dharura ya kule, hata mtoto akipata nafuu, kwa kuwa shambulio linaweza kurudi.

Kupe wa kule wanaleta ugonjwa wa Lyme. Kagua miguu, kwapa na nyuma ya masikio kila jioni. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Radi ikinguruma, watoto wote watoke ziwani, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Jambo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Usiku wa moto wa kambi watoto wamechoka, nyimbo ni za taratibu, na ni rahisi kuwafanya ishirini wasimame wakilia na kusema wameokoka. Usiwasukume. Aliyeguswa atakuwa bado ameguswa baada ya kifungua kinywa. Zungumza naye hapo, umwache aulize. Na asibatizwe mtoto wa mtu ziwani bila wazazi wake kujua. Isome kauli ya imani ya kambi kabla ya kutia saini, maana kuna zinazokudai ukiri usiyoyaamini.

Sweta ibebe, usiku kuna baridi. Tochi, koti la mvua na jozi mbili za viatu pia.

Wakijibu kuhusu viza na idadi ya watoto, nitumie barua yao kabla hujalipa chochote.

Mamako