Kabla hujalaumu mbao, zunguka chumba

Juzi tena nimemkuta dogo mmoja kapiga magoti na chaki, anaweka alama kwenye vibao "vyeusi" vya heringboni ya mtiki (ile sakafu ya vibao vilivyopangwa kama mifupa ya samaki) eti ving'olewe, na mzigo wote ni mmoja, gogo zimepasuliwa pamoja! Nikamvuta mpaka upande wa dirisha nikamwambia haya angalia sasa. Vyeusi vyote vimeng'aa, vile alivyovipenda ndo vimekuwa vyeusi. Kila kundi jipya likiingia saiti ni hilihili, kwa hiyo wadogo zangu kaeni hapa tuelewane.

1. Mbao ina nyuzi, na kibao kinachopigwa na mwanga ubavuni hakirudishi mwanga sawa na kile ambacho mwanga unakipita kwa urefu wake. Heringboni vibao vinakutana kwa pembe ya digrii 90 kwa hiyo lazima nusu ving'ae nusu vififie, angalia hata mkeka wa ukili ukianikwa juani. Simama mstari mmoja na ncha za zile V zinazotokea vibao vinapokutana, dirisha likiwa mbele yako, kushoto na kulia vinafanana kabisa, ila sogea kidogo kuelekea kona ya chumba tu uone. Na milango mingi iko wapi? Konani. Ndo anaposimama mteja siku ya kukabidhiwa, kwa hiyo panga mwelekeo wa ncha ukiwa umesimama mlangoni, hujafungua hata ndoo ya gundi.

2. Usitibu kivuli kwa staini, yaani rangi inayoingia ndani ya mbao. Hili naomba mlisome taratibu maana bado linaniuma. Kazi moja sebule ilikuwa na dirisha kubwa la magharibi, mteja akaja saa kumi na moja jioni, akasimama mlangoni akasema sakafu ina michirizi. Fundi wetu mkuu hakubisha, akaamua vile vibao vyeupe vipakwe staini vifanane na vyeusi. Basi usiku kucha sisi na masking tepu, kibao kwa kibao, taa ya LED imening'inia darini, brashi ndogo, migongo imekufa, na kweli ukisimama mlangoni sakafu ikatulia, tukapeana mikono. Asubuhi mteja kaingia kwa mlango wa jikoni, yaani upande wa pili. Upande ule vibao tulivyopaka ndo vilikuwa zamu yao ya kufifia, sasa vimefifia na juu yake vina staini, michirizi imekuwa mara mbili ya jana! Mama wa watu hakupiga kelele, alikaa kwenye ngazi akaziba mdomo. Ikabidi tushushe msasa namba 40, ule wa kukwaruza sana, tuanze upya, nyumba yenye mbao nzuri vile tukaila unene bure, na hela ya staini na siku zote zile hakuna aliyelipwa. Dakika mbili za kuzunguka na mteja chumbani zingemaliza yote.

3. Kabla ya vanishi weka taa chini kabisa sakafuni, imulike kwa ubavu, mikwaruzo yote itajitaja.

4. Kwenye heringboni mashine ya msasa lazima ikatishe nyuzi za baadhi ya vibao, kwa hiyo malizia na mashine ya duara, msasa laini namba 100 au 120.

5. Vanishi ya glosi, ile inayong'aa, inaonyesha kila kitu hata vumbi la jana, ya mati, isiyong'aa, inautawanya mwanga, penye madirisha makubwa mimi nasema mati.

6. Sampo ya rangi ilale sakafuni ndani ya chumba hichohicho, mchana na usiku, maana chini ya balbu ya 2700K (mwanga wa njano) na ya 6500K (mwanga mweupe wa kibluu) ni kama mbao mbili tofauti.

7. Mwambieni mteja mapema kwamba mwanga unabadilisha mbao yenyewe. Mvule unaingia wa njano unaishia kahawia, mtiki mbichi una mabaka ambayo jua linayasawazisha, na kioo cha kawaida hakizuii miale yote. Kuna mama alitandika zulia siku ileile tuliyomaliza, alipokuja kulitoa akakuta pembenne iliyopauka katikati ya sebule, akanipigia simu kwa hasira kwamba nimechanganya mbao. Nikaenda, nikamwonyesha mstari umefuata ukingo wa zulia sawasawa, nikamwomba aliweke stoo miezi kadhaa, mapazia wazi. Pameshaanza kufuata wenzake.