Antena ya mzunguko kwa masafa ya kati

Ndugu yangu wa Nkuhungu, Dodoma, umeuliza kama waya mrefu juu ya bati utakuvutia stesheni za mbali za AM (masafa ya kati). Usijisumbue, mara nyingi utakusanya makelele mengi. Tengeneza antena ya fremu.

Funga mbao mbili za sm 85 kwa umbo la msalaba, uzungushie waya wenye ganda mara 11 au 12, ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Mita 30 zinatosha. Ncha mbili ziunge kwenye kapasita ya kuzungusha, ile iliyo nyuma ya kitufe cha kutafutia stesheni kwenye redio mbovu. Mafundi wanazo tele. Ikiwa fremu haishuki hadi mwanzo wa bendi (namba ndogo za AM), ongeza mzunguko mmoja.

Hakuna waya wa kuunga kwenye redio! Iweke tu karibu, kile kijiti cheusi cha ndani ya redio (antena yake ya AM) kikitazama katikati ya fremu. Sasa zungusha kapasita taratibu: ule mvumo unajaa ghafla, na sauti inatoka ndani yake. Hapo ndipo raha yote ilipo.

Ukingo wa fremu uelekeze kwenye stesheni. Ukitaka Nairobi, kaskazini. Upande bapa hausikii, kwa hiyo uelekezee kelele. Anza jua likishazama, zima taa za LED na chaja. Na kiangazi hiki ndicho wakati wenyewe, kabla radi za Desemba hazijarudi.